Shangazi, shemeji anataka bunduki yake isafiri kwenye gari langu

Mwangaluka Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Nyegezi hapa Mwanza, nina mke na watoto, nauza vipuri vya pikipiki. Nina shotigani ya mitutu miwili, kipimo namba 12, niliyoipata kwa kufuata utaratibu wote, na leseni yake sijawahi kuiacha ikaisha muda. Mwaka huu nimepata kibali cha kuwinda ndege, kanga na kwale, katika eneo la wazi mkoani Tabora. Tunakwenda watu wanne kwa Hilux yangu ya milango minne. Safari yenyewe bado, lakini nyumbani kwangu tayari hakukaliki.

Chanzo ni shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, mfanyabiashara wa samaki Nansio, Ukerewe. Naye ana leseni na shotigani yake, namba 20, na kibali chake kimetoka pamoja na changu. Wiki ya safari atakuwa Dodoma kwenye shughuli zake, kwa hiyo atatukuta Tabora. Anataka mwanawe aipakie bunduki kwenye meli ya Nansio kama mzigo, mimi niipokee bandarini, niitie kwenye gari pamoja na boksi mbili za risasi. Leseni yake atanitumia picha kwa WhatsApp. Nilipoonyesha wasiwasi akanicheka: "Wewe si una leseni? Polisi wakiiona moja wanaridhika." Shangazi, huyu mtu ndiye aliyenikopesha mtaji wa duka, na ada ya kibali changu amelipa yeye. Mke wangu anasema namvunjia kaka yake heshima kwa jambo dogo.

Kuna mjomba pia, yuko Magu. Ana gobole la marehemu babu, limelala juu ya kenchi miaka yote. Amesikia safari, anataka aje nalo, eti lile si bunduki bali ni urithi wa ukoo.

Halafu rafiki yetu mmoja, dereva wa malori, ameshikilia kwamba bunduki moja ikae mbele ikiwa na risasi ndani, kwa sababu tutatembea usiku na majambazi wapo. Mimi nilikuwa nimepanga zote zikae chini ya kiti cha nyuma, zimeviringishwa kwenye blanketi.

Naomba unisaidie. Sheria inasemaje, bunduki na risasi nazipakia vipi, na shemeji namwambiaje bila kubomoa nyumba yangu?

Mpenda Kanga, Nyegezi

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Barua za mashemeji hazinipiti, ila hii imeniamsha kitini. Kwa wasomaji wageni: kabla sijawa shangazi wa safu hii nilivaa sare ya polisi mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kaunta ya kituo. Kwa hiyo safari kama yako nimezoea kuiona kutoka upande wa pili wa meza, pale inapokuwa imeshaharibika.

Kwa shemeji jibu ni hapana.

Leseni ya udereva inakuruhusu kuendesha gari la mtu yeyote, mradi daraja ni lako. Leseni ya silaha haiendi hivyo. Imeandikwa jina la mtu mmoja na silaha moja, kwa namba yake iliyochongwa kwenye chuma. Leseni yako inailinda shotigani yako tu. Ile namba 20 ikikutwa kwenye Hilux yako na mwenyewe yuko Dodoma, askari haoni mtu anayemsaidia shemeji yake. Anaona mtu aliyekutwa na silaha isiyo yake na risasi zisizo zake, na picha ya simu haibadilishi kitu. Picha inathibitisha kwamba leseni ipo mahali fulani, mikononi mwa mtu ambaye hayupo.

Na usidhani hapo utatozwa faini ukaendelea na safari. Sheria iliyopo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kifungu cha 20 kinashughulika na silaha, cha 21 kinashughulika na risasi, na mashtaka yake husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumi Uchumi, Sura ya 200, ambako kifungo ni miaka 20 hadi 30. Wengi hudhani kesi za sheria hiyo ni za wezi wa mali ya umma na wauza meno ya tembo. Nenda siku moja ukakae kwenye benchi la mahakama, utamwona mkulima wa kawaida kabisa kasimama kizimbani kwa silaha moja na risasi chache. Sasa mweleze mke wako jambo lenyewe ni dogo kiasi gani.

Tena kosa halianzii kwenye gari lako. Linaanzia Nansio, pale mwanawe anapopewa ufunguo wa kabati. Mtoto huyo hana leseni. Akishika ile bunduki kuipeleka gatini, ameshaingia, na baba yake aliyempa ameingia pamoja naye. Niliwahi kuona shotigani imeletwa kituoni ndani ya salfeti la dagaa. Aliyeituma alijiona mjanja, hakuna atakayepekua dagaa. Mchukuzi aliubeba mzigo begani, akahisi kitu kigumu katikati ya samaki, akapiga kelele. Kijana aliyekuwa ameupakia hakujua hata bunduki yenyewe ilikuwa na risasi au haina. Ilikuwa nayo, mtutu wa kulia, na watu walikuwa wameyakalia yale masalfeti safari nzima. Chumvi na unyevu wa dagaa vilikuwa vimeshaanza kula chuma.

Shemeji ana njia zake. Anaweza kupitia Nansio kwanza, akachukua bunduki yake mwenyewe, akasafiri nanyi kutoka Mwanza, na Dodoma akaenda baadaye. Anaweza kusogeza siku, kwa sababu vibali vyenu vina tarehe ya kuanza na ya kuisha na nadhani hamjazitazama vizuri. Anaweza kuja Tabora mikono mitupu, akatembea nanyi porini na kula kanga bila kufyatua hata risasi moja, kwa maana ya kwako pia huruhusiwi kumwazima. Na kama anaamini ipo namna nyingine ya kuisafirisha, aende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ya Ukerewe, aeleze, apewe jibu kwa maandishi. Wenye mamlaka ya kumjibu hilo ni polisi, si wewe wala si mimi.

Hata wewe mwenye kila kitu mkononi, pita kituoni siku chache kabla ya kuondoka. Sema unakwenda wapi, lini, kwa gari namba gani, na silaha gani. Ukipewa barua, ibebe. Usipopewa, angalau kuna watu wanaojua kwamba hukuondoka kwa kunyata. Safari yako inatoka mkoa mmoja, inakatiza wa pili na kuishia wa tatu, na vizuizi vipo vya kutosha kati ya Usagara na Nzega.

Sasa upakiaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu blanketi lako limenitisha kuliko gobole la mjomba.

Bunduki inatolewa risasi nyumbani, kabla haijalikaribia gari. Ya mitutu miwili ina raha yake: unaikunja, unaiona tupu, na mwenzako naye anaiona. Nuru ipite mitutu yote miwili kutoka chemba, pale risasi inapokaa, hadi mdomoni. Mwenye raifo anatoa magazini, anavuta boliti, halafu anapitisha kidole kwenye chemba, kwa sababu jicho hudanganyika gizani na kidole hakidanganyiki. Usiitegemee sefti, ile swichi ya usalama. Sefti ya shotigani nyingi inazuia triga tu, haizuii nyundo iliyoko ndani, na bunduki iliyokokiwa ikipigwa dafrao na tuta la barabarani inaweza kulipuka bila mtu kugusa kitu.

Ikishakuwa tupu, ikunje au ifungue vipande, uitie kwenye begi lake gumu na kufuli juu. Blanketi linaficha lakini halizuii. Mtoto wa mtu kwenye kituo cha mafuta anavuta blanketi, ndiyo hiyo imetoka. Chini ya kiti pia hapafai. Ni mahali ambapo miguu inagonga, chupa za maji zinabingirika, na siku ya kushuka kila mtu anavuta kinachotokeza kwanza. Kinachotokeza kwanza huwa ni mtutu. Waulize wawindaji wazee: ajali nyingi za bunduki kwenye gari hazitokei gari likienda, zinatokea mtu akiivuta bunduki kwa kuishika mdomoni, tumbo lake likiwa mbele yake. Begi lilale kwa upana nyuma ya viti au kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwenye bodi, kitako upande wa mlango utakaofunguliwa, lisiteleze.

Risasi zikae kwenye boksi lake, lenye kufuli lake, mahali pengine kabisa ndani ya gari, na funguo zote mbili zikae kwako. Hesabu ziandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka: ngapi zilikuwepo, ngapi umebeba, na ngapi stakabadhi ya dukani inasema ulinunua. Usiziache kwenye dashibodi mnapokula Tinde. Jua la dashibodi haliwezi kuzilipua, hilo ni la kwenye sinema, lakini joto la siku nyingi linaharibu baruti, na risasi isiyowaka sawasawa ndiyo inayoacha kitu kimekwama ndani ya mtutu.

Na hapa nikuambie sababu nyingine ya kuiogopa ile namba 20 ya shemeji, hata kama sheria ingeiruhusu. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ukiitumbukiza kwa makosa kwenye bunduki ya namba 12 haikai kwenye chemba. Inateleza, inapita, inakwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Ukitazama chemba unaiona tupu, unasema ah, kumbe sikuweka, unatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka palepale mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo maana viwanda vingi hupaka maganda ya namba 20 rangi ya njano, ili macho yashtuke. Mtakapokutana Tabora, kila mmoja na mfuko wake wa risasi, na mifuko ya koti ikung'utwe kila asubuhi. Watu wawili wenye namba tofauti wasichangie boksi hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Kwenye kizuizi, kwa uzoefu wangu, kinachoharibu mambo huwa ni mshangao zaidi ya silaha yenyewe. Askari akigundua bunduki wakati anatafuta kizima moto, tayari mmeanza vibaya. Punguza mwendo, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono yote iwe juu ya usukani, salamu, halafu sema mapema: "Afande, tunakwenda kuwinda kwa kibali. Nina shotigani nyuma, imefungwa kwenye begi, haina risasi. Nyaraka hizi hapa." Sema kwanza ziko wapi, ndipo unyooshe mkono. Leseni ya silaha, kibali cha uwindaji, kitambulisho cha NIDA na kadi ya gari viwe kwenye bahasha moja, na viwe nakala halisi. Usishuke kwenda kulifungua begi kabla hujaambiwa. Akitaka kulinganisha namba ya silaha na leseni, mwachie nafasi alinganishe. Na asiwepo hodari wa sheria kwenye kiti cha nyuma. Kila gari la wawindaji lina mmoja, na huyo ndiye anayegeuza dakika tano kuwa saa tatu.

Rafiki yako wa malori namwelewa, amelala kwenye barabara nyingi kuliko mimi. Lakini hebu aipige hesabu. Shotigani yako ina mtutu wa karibu sentimita 70. Ndani ya kabini ya Hilux, mko wanne, kuna usukani, kuna gia, kuna magoti ya watu. Jambazi yuko nje amesimama, wewe umekaa umefungwa mkanda. Utaigeuza saa ngapi? Kitakachotokea ni kwamba ulikuwa na gari na sasa jambazi ana gari na bunduki. Dawa ya hofu yake ni rahisi kuliko anavyodhani: msitembee usiku. Mwanza hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 300 tu za lami. Mkiondoka alfajiri mnafika mchana.

Bunduki yenye risasi ndani ya gari ina ubaya mwingine mkishafika. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda mtu akiwa ndani ya gari na inakataza kuwinda usiku kwa kumulika taa. Mhifadhi akiwakuta kwenye njia ya porini na bunduki imekokiwa kitini, mtamweleza nini? Bunduki inatoka kwenye begi mkishashuka, gari limezimwa na mmeanza kutembea. Mkirudi kwenye gari, risasi zinatoka kwanza, nje, mtutu ukiwa umeelekea chini mahali pasipo na mtu wala mbwa.

Na pombe. Mnapitia Shinyanga, mnapitia Tinde, harufu ya nyama choma naijua. Kula nyama, kunywa soda, na katika wanne mmoja abaki na gari. Bunduki haiingii baa, na haibaki ndani ya gari lililoegeshwa nje ya baa. Mkilazimika kulala njiani, usiiache kwenye gari uani kwa gesti kwa sababu mlinzi ni mcheshi. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, omba waihifadhi ghalani hadi asubuhi, upewe maandishi ya mapokezi.

Mjomba wa Magu. Gobole ni silaha. Linajazwa kwa mdomo, lina baruti na vyuma vya kuokoteza, lakini mbele ya sheria linahitaji leseni kama shotigani yako, na magereza ya Kanda ya Ziwa yamepokea wengi waliodhani ni urithi. Leseni ya marehemu, kama alikuwa nayo, ilikufa naye. Wanaorithi shamba na ng'ombe hawarithi silaha mpaka polisi waseme. Mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa na uhakiki wa silaha, na baadaye polisi wametangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Muda wote huo gobole lilikuwa juu ya kenchi linasikiliza redio. Mjomba asije nalo Mwanza, asipande nalo bodaboda, wala asilipeleke kituoni peke yake limefungwa kwenye mkeka. Amwone mwanasheria, au aongozane na mwenyekiti wa kijiji hadi kituoni akiwa mikono mitupu, aeleze, waje walichukue wenyewe. Wewe kwenye gobole hilo usishike hata kamba yake. Na baruti iliyokaa humo tangu enzi za babu asijaribu mtu kuitoa kwa kuifyatua.

Wasomaji wengine mnaokwenda kuwinda upande wa mashariki, nanyi nisiwasahau, maana kuna tabia ya kukata njia. Mtu anatoka Bunda au Lamadi, anaona geti la Ndabaka, anasema tupite ndani ya Serengeti tutokee upande wa pili, ni karibu. Ukiwa na silaha, usithubutu. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuwa na silaha hifadhini bila ruhusa, na watu wamefungwa kwa panga na mkuki tu, sembuse shotigani. Mapori ya akiba kama Kijereshi, Maswa, Grumeti na Ikorongo nayo yana katazo la namna hiyo chini ya sheria ya 2009: huingii na bunduki, upinde wala mshale bila kibali cha maandishi. Leseni ya polisi inakuruhusu kumiliki. Haikufungulii pori. Kibali cha kuwinda Tabora hakikusaidii kitu ukikutwa Meatu.

Mkifika Tabora ripotini ofisi ya wanyamapori kabla ya kuingia porini, hata kama mnalijua eneo. Mkipata ndege, waandikeni kwenye kibali siku hiyohiyo kwa idadi na aina, maana mnyama wa porini bila karatasi ni nyara ya serikali hata akiwa amekwisha nyonyolewa. Safari ya kurudi ndiyo watu hulegea: wamechoka, risasi zilizobaki zinazagaa mlangoni mwa gari, kanga kwenye ndoo ya barafu, kibali hakijulikani kiko kwenye suruali gani. Rudi kama ulivyokwenda. Hesabu maganda na risasi zilizobaki mpaka jumla ilingane na karatasi yako. Ukifika Nyegezi, hata kama ni usiku na mkeo ameshapakua, bunduki inashuka kwanza, inafutwa, inapakwa mafuta na kuingia kabatini kwake. Usiiache ndani ya begi la sponji wiki nzima. Unyevu wa ziwa letu unaingia humo na hautoki, na utaikuta ina madoa ya kutu.

Tumebaki na nyumba yako. Mkeo anaona kaka yake amekataliwa, na kaka yake anaona deni limesahaulika, kwa hiyo usianze na sheria. Anza na hatari inayomkabili yeye, kwa sababu leseni itakayofutwa ni ya kwake na mtoto atakayekamatwa bandarini ni wa kwake. Usimtumie ujumbe mrefu na usimtumie mtu. Mpigie, mkeo akiwa amekaa pembeni anasikia kila neno. Sema hivi: "Shemeji, shikamoo. Mtaji wako naukumbuka na kibali umenilipia wewe, sijasahau. Hii bunduki siwezi kuipokea, kwa sababu ikikamatwa wa kwanza kuulizwa ni kijana wako na wa pili ni wewe uliyempa. Tazama tarehe za kibali chako. Ukiweza kupita Nansio ukaja nayo mwenyewe, sisi tutasogeza siku tukusubiri, na mafuta ya gari ni juu yangu."

Akikata simu, mwache. Baada ya siku mbili mpelekee picha ya tarehe zilizo kwenye kibali chako, hiyo WhatsApp inaiweza. Na huyo kijana wa Nansio mpigie leo, kabla hajaenda kukata stakabadhi ya mzigo. Mwambie kabati alifunge, na ufunguo ausafirishe kwa baba yake Dodoma.

Shangazi